Hewa ya Chumba cha Tupokigwe

Anyelwisye aliporudi Ikinga kutoka migodi ya shaba ya Rodesia, mwaka 1952, kitu cha kwanza kilichomshtua ni macho ya mkewe. Alipoondoka yalikuwa meupe. Sasa yalikuwa mekundu, na Loisi aliyafuta kwa ncha ya nguo yake kila baada ya maneno mawili matatu. Asubuhi yake alimsikia akikohoa ndani, kikohozi kirefu cha mtu anayeinama na kushika ukuta. Alikifahamu kikohozi hicho. Wachimbaji wazee walikohoa hivyo, wale waliokula vumbi la mgodi miaka ishirini. Lakini Loisi hakuwahi kuuona mgodi. Alikuwa amekaa nyumbani kwake, akipika.

Nyumba yao ilikuwa kama nyumba nyingine za milima ile: kuta za udongo, paa la nyasi, mlango mfupi mmoja, na dirisha hakuna, kwa sababu baridi ya Ileje haina huruma. Moto ulikaa katikati ya chumba mchana na usiku. Moshi ulipanda, ukazunguka chini ya nyasi, ukashuka tena juu ya vichwa vya watu. Kila mtu aliuona na hakuna aliyeuona.

Kwa miaka sita ya mwisho kazi ya Anyelwisye huko mgodini ilikuwa kupima hewa. Kabla ya wenzake kuingia katika njia ya zamani iliyofungwa siku nyingi, yeye alitangulia peke yake na mshumaa juu ya fimbo. Ulimi wa moto ukisimama wima, aliwaita. Ukiwa mwekundu na kujikunyata, alirudi nyuma na kuwarudisha. Kapitao, msimamizi wao, alimwamini kuliko alivyoziamini taa za wazungu, na katika miaka hiyo sita hakuna mtu aliyekufa kwa hewa mbaya katika kundi lake. Hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani, pamoja na mablanketi matatu na cherehani: alijua, bila shaka yoyote, kwamba mshumaa hausemi uongo.

Alichukua kipande cha kitambaa cheupe cha amerikani, akakitundika kwenye boriti juu ya meko. Siku ya nne alikishusha. Kilikuwa cheusi kama sehemu ya chini ya sufuria, na alipokikamua ndani ya maji, maji yaligeuka kuwa wino. Jumapili alikwenda nacho kanisani, na baada ya ibada akawaonyesha watu. Akawaambia kwamba kitambaa kile kilivuta hewa siku tatu tu, na wake zao wanaivuta tangu walipoolewa. Mwanamke mmoja alikishika kwa vidole viwili, akakinusa, akamrudishia.

Juma lile alitoboa dirisha, akapandisha nyasi za kileleni ili moshi upate njia, kisha akajenga jiko la matofali lenye bomba la udongo lililotokea nje ya ukuta. Baada ya miezi miwili Loisi alilala usiku mzima bila kukohoa. Habari zilienea. Watu wa Ikinga walimwita aje awapimie nyumba zao, kisha watu wa vijiji vya mbali wakamwita, na jina likamganda: Bwana Hewa. Alikwenda na kitambaa chake na mshumaa wake, akakaa na watu, akatoboa kuta zao. Hakutaka malipo. Alipenda kuitwa.

Wale walioogopa baridi ya dirisha aliwafundisha mbaula. Kule kambini kwa wachimbaji kila nyumba ilikuwa nayo: debe la mafuta ya taa lililotobolewa matundu pembeni, ndani yake makaa. Ukiiwasha nje na kuacha moshi wa kwanza uishe, aliwaambia, unaingiza ndani moto mtupu, hauna moshi hata kidogo. Aliwatengenezea watu mbaula kwa mikono yake katika nyumba kumi na moja. Alitundika kitambaa juu yake, kikatoka cheupe. Aliwasha mshumaa, ukasimama. Alikumbuka kwamba kule kambini wanaume wawili walikutwa wamekufa kitandani kando ya mbaula, lakini walikuwa wamekunywa sana siku ile, na kila mtu alisema ni pombe.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata alifika Tunduma kumtembelea ndugu yake aliyekuwa na shamba upande wa pili wa mpaka, na hapo fundi cherehani mmoja aitwaye Watson, aliyekuwa amesikia habari zake, akamsimamisha njiani. Duka la Watson lilikuwa chumba kidogo kilichotazama barabara, na siku zote lilijaa wateja kutoka pande zote mbili. Alimkaribisha kwa Kibemba, "Mwaiseni, mukwai," akamwekea kiti, akamweleza shida yake. Kila siku ya upepo, anapofunga mlango ili vumbi lisiingie kwenye nguo, ikifika saa tisa kichwa kinamgonga na miguu inalegea kama mtu aliyelewa. Akitoka nje kidogo, anapona. Pasi yake ya makaa ilikuwa pale mezani, inafuka joto.

Anyelwisye alifunga mlango, akawasha mshumaa, akausogeza kila pembe. Ulisimama. Akatundika kitambaa tangu asubuhi hadi jioni, na kilibaki cheupe. Akamwambia Watson kwamba hewa ya duka lake ni nzuri, huenda ni macho yamechoka kwa kutunga uzi, atafute miwani. Watson alimshukuru na kumshonea mfuko mpya wa shati lake lililochanika.

* * *

Anyelwisye na Loisi walizaa watoto wanne, akabaki mmoja tu, Tupokigwe. Alikuwa ameolewa Isansa na seremala aitwaye Osea, kijana mpole, asiye na maneno mengi, ambaye kazi yake ilijulikana Mbozi nzima. Osea alimjengea mkewe nyumba ya matofali yenye paa la bati, na milango na madirisha aliyatengeneza mwenyewe kwa mbao ngumu. Aliyapiga randa mpaka yakakaa kwenye fremu zake bila mwanya. Aliwaita watu waone: alifunga mlango juu ya uzi wa kushonea, akawaambia wauvute, na uzi haukutoka.

Mwezi wa sita Tupokigwe alijifungua mtoto wa kiume. Loisi alikwenda kumlea, akakaa naye majuma mawili, kisha akaaga kwa sababu ulezi wake ulikuwa umekauka shambani na ndege walikuwa wameanza kuumaliza. Siku chache baadaye Osea naye aliitwa Itaka kutengeneza mabenchi ya kanisa. Baridi ya mwezi wa saba ikaingia. Tupokigwe aliwasha kuni chumbani, mtoto akakohoa. Akazizima, mtoto akatetemeka. Akatuma neno Ikinga kwamba baba aje amsaidie.

Anyelwisye alitembea siku mbili. Alifika Jumatatu akiwa na debe begani na gunia dogo la makaa. Jumanne asubuhi alilitoboa debe, akaiwasha mbaula uani, akangoja mpaka makaa yakawa mekundu pande zote na moshi ukaisha kabisa. Akaiingiza chumbani. Akafunga mlango na dirisha, akaketi humo na binti yake na mjukuu wake kwa muda, mshumaa ukiwaka chini, kisha juu ya kiti, kisha kando ya kitanda. Ulimi wa moto haukutikisika hata mara moja. Alijihisi mzito kidogo kichwani, akadhani ni uchovu wa njia. Alimwambia binti yake afanye vivyo hivyo kila jioni: moshi ukiisha aingize ndani, afunge vizuri, mtoto apate joto. Mchana akaaga, akashika njia ya kurudi kwake.

Jumatano asubuhi jirani yake Tupokigwe, mjane aitwaye Nesta, aliona mbuzi bado wamefungwa, na jua limekwisha panda. Aliita, hakuitikiwa. Alisukuma mlango, haukusogea. Watu walikuja na shoka, na ule mlango uliwachukua muda mrefu kabla haujakubali. Nesta aliingia wa kwanza, akatoka akipepesuka, akaketi chini, akatapika. Tupokigwe alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani, blanketi limewafunika mpaka mabegani. Hakuna kilichoanguka, hakuna kilichomwagika. Midomo yao na kucha zao zilikuwa na wekundu mzuri, kama za watu waliotoka kuota jua. Mwanamke mmoja alianza kuwaamsha, akawa anawaamsha na kuwaamsha mpaka wenzake walipomshika mikono.

Osea alifika kutoka Itaka alasiri ile. Alizitazama maiti, akageuka, akaenda kuzileta zile mbao za mabenchi, akatengeneza jeneza moja la watu wawili. Hakumruhusu mtu amshikie hata msumari.

Mtu aliyetumwa alimkuta Anyelwisye njiani na akarudi naye, wakafika Alhamisi kabla ya mazishi. Loisi alikuwa mbali na hakuweza kungojwa. Anyelwisye alisimama kaburini kama mtu anayesikiliza jambo linalosemwa katika lugha asiyoijua.

* * *

Baada ya mazishi ndipo maneno yalipoanza. Watu walisema kifo cha namna ile, cha wawili, bila jeraha na bila homa, kina mkono wa mtu. Na mkono uliopatikana ulikuwa wa Nesta. Ni yeye aliyempelekea Tupokigwe uji jioni ya Jumanne. Ni yeye aliyegombana na Osea mwaka jana kuhusu njia ya kisimani. Ni yeye aliyetapika alipoingia, na wengine walisema sumu ilimrudia. Mama yake Osea alilia akitaja jina la Nesta mbele ya watu wote, na wazee wakakubaliana kwamba Jumamosi aitwe mpiga ramli. Nesta alikaa kizingitini pake peke yake. Hata watoto waliokuwa wakimchotea maji walikatazwa.

Dresa wa zahanati, Barnaba Mbonile, alikuwa amezitazama zile maiti Jumatano, akasema ni makaa. Walimjibu kwamba makaa hayana moshi, na kwamba mbaula ile iliwekwa na Bwana Hewa mwenyewe, baba mzazi wa marehemu, mtu anayejua hewa kuliko daktari. Barnaba akarudi zahanati. Lakini Alhamisi ile, watu walipotawanyika, alimfuata Anyelwisye nyuma ya nyumba.

"Mzee, nisamehe kukusemesha leo," alisema. "Makaa yanatoa hewa nyingine. Haina rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu polepole, mtu anasikia usingizi, na usingizi ule hautoki."

"Niliipima," alisema Anyelwisye. "Mshumaa ulisimama."

"Mshumaa hauijui hewa hiyo, mzee. Utasimama mpaka mwisho."

Anyelwisye hakumkasirikia. Alimuuliza tu, kama mtu anayejadili kazi na mwenzake, ni kitu gani basi kinachoijua. Barnaba alisema kitu chochote kinachopumua, na kikiwa kidogo ndiyo kinaijua mapema. Anyelwisye akasema kesho waipime upya, chumba kilekile, mbaula ileile, na watu wote waje waone.

Ijumaa asubuhi uani pa Osea palijaa. Mlango ulikuwa na tundu la shoka kubwa kama kichwa cha mtu, na bila kuzibwa jambo lile lisingewezekana. Hakuna aliyethubutu kumwomba Osea. Alitoka mwenyewe na ubao na nyundo, akaziba tundu, akapitisha kidole kwenye ukingo wote kutafuta mwanya, akaziba pale alipoupata kwa udongo. Kisha akasogea pembeni.

Walihitaji kuku. Nesta aliinuka kizingitini pake, akaingia ndani, akaja na jogoo mchanga chini ya kwapa, ambaye upanga wake wa kichwani ndio kwanza ulikuwa unachomoza. Alimkabidhi Barnaba, na watu wakampisha njia kwa mbali.

Anyelwisye aliiwasha mbaula kama alivyoiwasha Jumanne, akangoja moshi uishe, akaiingiza chumbani. Jogoo alitiwa ndani ya tenga, tenga likawekwa juu ya kitanda cha kamba, kimo alicholala Tupokigwe. Mshumaa ukawashwa kando yake. Wakafunga. Ilikuwa kama saa tatu. Kwa kitambo walimsikia jogoo akikwaruza. Kisha wakamsikia mara mojamoja. Kisha wakawa wanasikia tu watu wanaokohoa uani na mtoto aliyetaka kunyonya.

Ilipofika saa tano Barnaba aliwaambia watu wasogee, akavuta pumzi, akafungua mlango, akakimbia mpaka dirishani kulifungua, akatoka. Walingoja hewa ipite. Halafu Anyelwisye akaingia na Osea akamfuata. Mshumaa ulikuwa umebaki nusu, unawaka wima, haujikunyati, hauna wekundu. Jogoo alikuwa amelala ubavu ndani ya tenga, shingo imenyooka, na ule upanga wake mdogo ulikuwa mwekundu kuliko alivyokuwa hai.

Anyelwisye alilichukua tenga kwa mkono mmoja na mshumaa kwa mkono mwingine, akatoka navyo nje, akavionyesha. Akazunguka navyo mbele ya wazee, mbele ya wanawake, mbele ya mama yake Osea, polepole, ili kila mtu aone. Mshumaa ulizimwa na upepo katikati ya mzunguko, lakini hakusimama.

"Nesta hana kosa," alisema. "Uji wake ulikuwa uji. Aliyeingiza kifo katika chumba hiki ni mimi. Nilikileta begani kutoka Ikinga, nikakiwasha kwa mkono wangu, nikamwambia mwanangu afunge mlango."

Mama yake Osea alijifunika uso. Wazee walianza kuondoka mmojammoja bila kuagana, na suala la mpiga ramli halikutajwa tena. Nesta alimchukua jogoo wake kutoka kwenye tenga, akaenda kumzika nyuma ya nyumba yake, maana alisema hataliwa.

Osea alibaki. Alikuwa ameshika ukingo wa mlango wake, akiusukuma na kuuvuta, ukifunguka na kufunga bila sauti.

"Mlango ni wangu, baba," alisema mwishowe. "Niliwaita watu waone hata uzi haupiti. Hilo nalijua. Lakini siwezi kukutazama. Nenda nyumbani."

Anyelwisye alimwitikia kwa heshima, kama mtu aliyepewa ruhusa. Akaokota fimbo yake, akaondoka.

* * *

Hakwenda nyumbani. Alizihesabu njiani zile nyumba kumi na moja, akaanza na iliyo karibu. Katika kila nyumba aliomba aletewe mbaula aliyoitengeneza, na kabla hawajamuuliza sababu alilazimika kuwaeleza, na kuwaeleza kulimaanisha kumzika Tupokigwe upya. Alijaribu mara ya kwanza kusema kwamba kuna mtu amekufa kule Isansa. Mwenye nyumba akasema huyo alikuwa mlevi bila shaka. Tangu hapo alisema wazi: mwanangu, na mtoto wake wa mwezi mmoja. Wengine walilia naye. Wengine walitoa mbaula haraka wakaitupa shimoni. Mzee mmoja kati ya Isansa na Itaka alikataa katakata. Alisema ameitumia kipupwe kizima na hajafa, na kwamba mtu aliyefiwa akausambaze msiba wake nyumbani kwake. Anyelwisye alikaa mlangoni pake siku mbili. Siku ya tatu yule mzee alimruhusu atoboe matundu mawili makubwa chini ya paa, ili tu aondoke.

Ilimchukua majuma matatu kuzimaliza nyumba zote. Halafu akaendelea mpaka Tunduma, kwa sababu njiani, akivuka mto mmoja, lilimjia duka la Watson na ile pasi ya mezani.

Watson alimpokea kwa furaha. Alimwonyesha miwani aliyoinunua ng'ambo na kumwambia, kwa kuona haya kidogo, kwamba bado kichwa kinamuuma. Anyelwisye aliichukua pasi akaipeleka nje barazani. Alimwomba apige pasi zake hapo kuanzia leo, upepo usipopiga na ukipiga. Kisha akaomba mtaimbo, akatoboa ukuta wa nyuma juu, na ukuta wa mbele chini. Alikaa siku nne. Siku ya nne saa tisa ilifika, ikapita, na Watson akagundua kwamba amesahau kuumwa. Alicheka, akasimama, akamshika Anyelwisye mabega, akauliza ni kwa nini hakumwambia hivi mwezi wa tano.

"Mwezi wa tano sikujua," alisema Anyelwisye. "Kichwa chako kilikuwa kinaniambia, nikausikiliza mshumaa. Kama ningekusikiliza wewe, binti yangu angekuwa hai."

Watson aliketi. Hakurudi kwenye cherehani siku ile, wala hakufungua kwa wateja waliogonga.

* * *

Osea aliuza mabati ya ile nyumba, akahamia mbali upande wa Momba. Alioa tena baada ya miaka miwili. Alikutana na Anyelwisye mara moja mnadani, akamwamkia kwa adabu zote za mkwe, akauliza habari za mama, akaenda zake. Nesta aliendelea kuishi pale Isansa. Wale waliomtuhumu walirudi kuomba moto na chumvi kwake kana kwamba hakuna lililosemwa, naye aliwapa, ila hakumpelekea tena mtu uji.

Anyelwisye alifanya kazi na Barnaba. Kila kiangazi dresa alipokwenda kukagua vijiji alimchukua, na kazi yake ilikuwa kutazama mahali watu wanapolala na wanapopikia. Hakubeba mshumaa tena. Alibeba kuku mdogo ndani ya kikapu, na vitambaa kwa ajili ya moshi, na mtaimbo. Watu walilalamika kwamba anawaletea baridi. Aliwajibu kwamba baridi unaisikia. Na mtu akimwita Bwana Hewa, aligeuka polepole na kumwambia jina lake ni Anyelwisye.

Loisi hakumlaumu. Siku aliporudi kutoka ile safari ya majuma matatu, mkewe alimwandalia maji ya kuoga na chakula, akamweleza waliokuja kumpa pole. Ulezi ulikuwa tayari ghalani, magunia manne, mavuno mazuri kuliko ya miaka yote. Loisi aliugawa wote kwa majirani na mwaka ule hawakula ulezi. Kwa miaka mitatu jina la Tupokigwe halikutamkwa kati yao, ingawa kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini.

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 1956, asubuhi ya ukungu. Walikuwa wameketi jikoni, dirisha liko wazi, kila mmoja na blanketi lake. Anyelwisye mwenyewe alikuwa ameanza kukohoa siku hizo, kile kikohozi cha wachimbaji, na wote wawili walijua hakuna dirisha litakalokiondoa. Loisi alikuwa akichambua maharage ungoni. Akaacha.

"Siku ile ulipomuaga," aliuliza, "alikuwa anasema nini?"

Anyelwisye hakujifanya hajui ni siku gani.

"Alikuwa amekaa kitandani, ananyonyesha. Akanyoosha miguu yake kwenye mbaula. Akasema, 'Baba, tangu mama aondoke, leo ndiyo mara ya kwanza miguu yangu imepata joto.'"

Loisi aliitikia kwa kichwa. Aliitikia tena. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaanguka ndani ya ungo, naye akaendelea kuchambua, akitoa mawe madogo na punje mbovu, mpaka maharage yote yakawa safi. Kisha akasimama, akainjika sufuria.